Mgogoro wa umiliki klabuni: namna ya kumwendea mbunge na ukasikilizwa

Mwekezaji aliahidi mabilioni na hujui kama yameingia. Mkutano mkuu umeahirishwa tena. Mapato na matumizi hayajasomwa. Tawini kila mtu anasema, "Twende kwa waziri." Nendeni, ni haki yenu. Lakini nendeni mkijua mnachotaka. Ukimpelekea mwanasiasa manung'uniko, atakupa pole. Ukimpelekea ombi moja lenye karatasi nyuma yake, utakuwa umempa kazi ya kufanya.

Anza na kadi yako. Ada imelipwa? Shabiki anaweza kulalamika popote, ila haki ya kuhoji klabu ni ya nani inamwangukia mwanachama. Kama ada imepitiliza, lipa leo na utunze risiti. Hilo ndilo jambo la kwanza viongozi watakalokuuliza, na wengi hukwama hapo.

Kisha tafuta katiba. Itafute iliyosajiliwa, siyo ile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Iulizie klabuni kwa maandishi. Wakikunyima, mwandikie Msajili wa Vyama vya Michezo. Isome sehemu tatu kwanza: nani anaitisha mkutano mkuu, nani anabadili katiba, na mali za klabu ziko mikononi mwa nani.

Mali ni suala la pekee. Jengo na kiwanja mara nyingi viko kwa baraza la wadhamini, na wadhamini husajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Kama klabu imeunda kampuni, taarifa zake ziko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA: wakurugenzi ni nani, hisa zimegawanywa vipi. Omba taarifa rasmi, lipia, upate karatasi yenye muhuri. Ukurasa mmoja wa BRELA una nguvu kuliko saa nzima ya mjadala redioni.

Sasa elewa sheria inasema nini, maana hapa ndipo mashabiki wengi tunapopigwa chenga. Mwaka 2016 Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lilisimamisha mabadiliko ya mfumo wa umiliki wa Simba na Yanga, likataka katiba zirekebishwe kwanza. Mwaka uliofuata kanuni za serikali zikaweka mpaka: klabu ya wanachama ikibadili mfumo, wanachama wabaki na angalau asilimia 51, uwekezaji usizidi 49. Mwishoni mwa 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya Simba kwa Sh20 bilioni. Mchakato haukuishia ukumbini. Ulipita pia Tume ya Ushindani, FCC, na ukachukua muda mrefu. Kwa hiyo swali la umiliki lina milango kadhaa. BMT na Msajili wanashika katiba na kanuni, FCC inashika muunganiko wa kibiashara, Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, linashika leseni ya klabu na ligi. Gonga mlango unaohusika.

Andika ombi moja. Moja tu. "Tusaidieni kumtoa mwenyekiti" ni ombi baya, na nitakueleza kwa nini. Ombi zuri ni hili: "Tunaomba Waziri aeleze kama hisa za wanachama, asilimia 51, zimesajiliwa, na ziko kwa jina la nani." Linajibika. Lina kifungu nyuma yake. Halimtukani mtu.

Sababu ya ombi la kumtoa mwenyekiti kuwa baya ni FIFA. Haikubali serikali iingie katika uendeshaji wa soka. Kenya ililipa gharama hiyo. Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa shirikisho la soka na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia nchi, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Timu ya taifa, Harambee Stars, ikakosa kufuzu AFCON 2023 bila kucheza hata mechi moja ya kundi lake. Tuhuma za fedha zilikuwepo, lakini wachezaji ndio walioumia. Basi mwombe mwanasiasa asimamie sheria, aulize, adai hesabu. Usimwombe ateue viongozi wala afute uchaguzi. Na usikimbilie mahakama ya kawaida bila kumwona wakili anayejua soka. Kanuni za FIFA zinataka migogoro hii imalizwe ndani ya vyombo vya soka na usuluhishi.

Panda ngazi kwa utaratibu. Barua ya kwanza kwa klabu, ukiipa siku 21 za kujibu. Kimya? TFF. Kisha BMT na Msajili. Kisha wizara, nakala kwa mbunge. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mbunge atauliza, "Mlianza wapi?" Utamwonyesha.

Mbunge sahihi ni wa jimbo lako, hata kama anashabikia mtani. Wewe ni mpiga kura wake. Kusanya sahihi na namba za kadi kutoka matawi ya majimbo tofauti, ili barua ileile iwafikie wabunge kadhaa. Nenda ofisi ya jimbo na ukurasa mmoja, viambatisho nyuma. Mwandikie swali kabisa, pamoja na swali la nyongeza. Wasaidizi wake watakushukuru.

Wafuateni wa chama tawala na wa upinzani kwa lugha moja. Msivae fulana ya mgombea kwa jina la tawi. Mkishahesabiwa kuwa kambi ya mtu, upande wa pili hautafungua barua yenu.

Na zungumza na mtani. Kanuni ya asilimia 51 inawalinda nyote. Uingereza, Aprili 2021, klabu sita zilipotangaza kujiunga na ligi mpya ya Ulaya, Super League, mashabiki wa klabu hasimu walisimama pamoja kuipinga. Serikali ikamkabidhi mbunge Tracey Crouch tathmini iliyosikiliza mashabiki, na Julai 2025 Sheria ya Uendeshaji wa Soka ikapita, ikiunda msimamizi huru wa klabu. Ilichukua miaka minne. Klabu ya Bury, iliyofukuzwa kwenye ligi mwaka 2019, haikuwa na ulinzi huo.

Mambo haya huchukua muda, kwa hiyo hesabu kalenda kurudi nyuma. Bajeti ya wizara ya michezo hujadiliwa Dodoma kati ya Aprili na Juni, na hapo ndipo mbunge ana nafasi ya kumbana waziri. Barua yako kwa klabu iwe imetoka kabla Januari haijaisha. Kadi, katiba na karatasi ya BRELA unaweza kuanza kuvitafuta wiki hii.