Mchele kwa Mpira: Uchina na Sri Lanka

Wanachama wenzangu, mkisikia "mpira" msikimbilie uwanjani! Nazungumzia ule utokanao na utomvu wa miti, wa kutengenezea magurudumu.

Mwaka wa 1952 Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, ilikuwa taabani. Bei ya mpira wake ilikuwa imeanguka, nayo ya mchele, chakula chao cha kila siku, ikapanda ajabu. Uchina nayo ilikosa mpira, kwani Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wanachama wake wasiiuzie bidhaa za aina hiyo kwa sababu ya vita vya Korea. Basi Desemba wakatia sahihi mkataba wa miaka 5: kila mwaka Uchina iuze tani 270,000 za mchele, inunue tani 50,000 za mpira. Marekani ikakasirika, ikakata misaada. Serikali ya Ceylon haikuupenda ukomunisti hata chembe, lakini haikutetereka. Tumbo halijui siasa, ama vipi?

Ajabu ni kwamba hawakuwa wamebadilishana mabalozi. Hilo lilingoja hadi 1957, Bandaranaike akiwa waziri mkuu. Wala hawakuwa wageni kabisa: katika karne ya 5 mtawa Faxian kutoka Uchina alikaa kisiwani miaka 2 akinakili vitabu vya Kibudha.

Mkataba uliendelea kufanywa upya hadi 1982. Na ule ukumbi mkubwa wa mikutano jijini Colombo, uliofunguliwa 1973 kumkumbuka Bandaranaike, ni zawadi ya Wachina.