Jumanne: Mguso wa Malaika
Soma 1 Wafalme 19:5-8. Eliya aliamshwaje?

Nabii alichoka hata akatamani kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili.

Mwili wenyewe huongeza homoni ya kortisoli katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, ili kutuandaa kwa kazi za siku. Kelele za ghafla huongeza mshtuko: moyo hudunda mbio, shinikizo la damu hupanda. Kwa mzazi wa Kidahwe anayemwamsha mtoto alfajiri awahi shule, njia ya malaika haina gharama: kumgusa bega, kumwita kwa upole, kumpa uji.

Tafakari: Mwanao husikia nini kwanza kila asubuhi, jina lake au kemeo?