Insha ya Maelekezo: Kigari cha Rali

Mtahiniwa, insha ya maelekezo huharibika hatua zikipishana. Chukua mfano huu: mwelekeze mwenzako aliyeko Mbeya au Iringa aunde, kwa matofali ya plastiki, kigari cha Volvo PV544, gari waliloshinda nalo Joginder na Jaswant Singh Safari Rally ya 1965.

1. Chagua skeli. Upana halisi ni takribani sm 160. Vinundu 6 vya tofali ni sm 4.8. Skeli: 1:33.
2. Tafuta urefu: sm 445 ÷ 33 = sm 13.5, sawa na vinundu 17.
3. Inua chasisi, njia za rali zina mawe.
4. Malizia na paa.

Paa likitangulia, vipimo vyote hukosa msingi.

Zoezi: Andika hatua hizo katika aya moja, ukitumia *kwanza*, *kisha* na *hatimaye*.