Umenunua au Umekodi? Somo la Miamala kwa Wacheza Gemu



Ndugu zangu wanafunzi, katika hosteli zetu hapa Mbale kuna mjadala usiokwisha baada ya swala ya Isha: ni bora kulipia gemu kila mwezi, au kununua moja moja zikawa zako? Wa upande wa kwanza husema kwa malipo ya mwezi mmoja unafungua mamia ya gemu. Wa upande wa pili husema cha kukodi si chako. Mimi naona pande zote mbili zinaruka swali ambalo fiqhi ya miamala hutufundisha kuliuliza kabla ya kutaja bei: mkataba huu ni wa aina gani?

Mauziano na ijara

Katika mauziano, kitu chenyewe hutoka katika milki ya muuzaji kikaingia katika milki ya mnunuzi. Kuanzia hapo mnunuzi anaweza kukitumia, kukiazima, kukitoa zawadi au kukiuza, na akifa warithi wake hugawana.

Katika ijara, kitu hubaki cha mwenyewe. Wewe unalipia manufaa yake, kwa muda unaojulikana na ujira unaojulikana. Chumba cha hosteli unacholipia kwa muhula ni ijara. Muhula ukiisha unarudisha ufunguo, wala husemi umeibiwa.

Mikataba yote miwili ni halali. Kwa hiyo huduma kama Xbox Game Pass, iliyoanza mwaka 2017, haina ubaya kwa sababu tu ni ya kukodi. Unajua unalipa kiasi gani, kwa mwezi upi, na kwamba ukiacha kulipa mlango unafungwa. Unachopaswa kujua mapema ni kwamba orodha ya gemu zake hubadilika.

Tatizo liko katika neno "nunua"

Nyumbani kwetu Jinja wapo waendesha boda boda wanaopeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki, na wapo wanaoendesha zao wenyewe. Wote wanakula halali. Lakini tuseme mtu anamwambia kijana "nimekuuzia", anapokea fedha zote, kisha baada ya miaka anakuja na ufunguo wa akiba na kuondoka na pikipiki. Steji nzima ingesimama kumtetea kijana yule.

Katika gemu, jambo la namna hiyo limetokea. Kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwaka 2014. Watu waliinunua, wengine hata kwa diski. Lakini gemu hiyo haikuweza kufunguka bila seva za kampuni, na tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zilizimwa. Mwenye diski alibaki na diski isiyochezeka.

Wanazuoni wanatufundisha kwamba katika mikataba huangaliwa maana iliyokusudiwa, si jina lililotamkwa. Basi pima kwa mirathi. Masharti ya Steam hayaruhusu kuuza akaunti yako wala kumhamishia mtu mwingine. Kitu usichoweza kukiuza wala kukirithisha kinafanana na milki kwa jina tu. Na kama ni ijara, muda wake ni upi? Haujulikani. Hapo ndipo penye harufu ya gharari, na Mtume (s.a.w.) alikataza mauziano yenye gharari. Kutoa hukumu ni kazi ya mashekhe wetu, lakini kuuliza ni wajibu wa kila mwenye kulipa.

Hata wasio Waislamu wameliona hili. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu, isipokuwa kama mteja anaweza kupakua bidhaa hiyo na kubaki nayo daima.

Basi tukopi tu?

Wapo wanaosema: kama hawatuuzii, basi kukopi si wizi. Hoja hii haisimami. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye thamani isiyofaa kuvamiwa. Uganda nayo ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006. Dhuluma haiondolewi kwa dhuluma.

Maswali matatu kabla ya kulipa

1. Ni nini kinaingia mkononi mwangu? Duka la GOG, kwa mfano, huuza gemu ambazo unaweza kuhifadhi faili lake na kulifungua bila intaneti. Hiyo iko karibu na milki. Gemu inayotegemea seva ni ijara, hata ikiandikwa "nunua".

2. Ni kwa muda gani? Likizo ya mwezi mmoja, kukodi kuna hekima. Mwezi wa mitihani, unalipia kitu usichokigusa.

3. Gharama yote ni kiasi gani? Gemu kubwa hula makumi ya gigabaiti, na tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12. Kila unapoifuta na kuipakua upya, unalipa tena.

Ndugu zangu, aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Huwezi kutimiza, wala kudai utimiziwe, mkataba ambao hukuusoma. Na fedha tunazolipia, kwa wengi wetu, zimetoka katika kahawa ya Bugisu au miwa ya Busoga, kwa jasho la mzazi. Anastahili tujue tumezibadilisha na nini.

Wabillahi tawfiq.