Raba Nzuri, Kifundo Kibovu

Ndugu msomaji, tuseme umepata raba. Siyo raba ya hivi hivi, bali raba ya mpira wa kikapu yenyewe, yenye shingo ndefu na kipande cha plastiki kinachong'aa kisiginoni. Imetoka kwenye belo la mitumba Lindi mjini, umeibana kwapani ndani ya gari mpaka Mchinga, na jioni hiyohiyo umeingia nayo kiwanjani. Wenzako wamevaa ndala, wengine wako peku. Wewe unajiona kama Hasheem Thabeet, yule mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies ya Marekani mwaka 2009. Unaruka kugombea mpira, unatua juu ya mguu wa mwenzako, kifundo kinapinda. Unasikia "ta!" Na mashindano ya UMISSETA yamebakiza wiki mbili.

Wenzako watakuambia raba ni feki. Mwenye duka atakuambia ulitua vibaya. Mimi nataka tuangalie pamoja raba ya kikapu inafanya kazi gani hasa, na mwisho wa kazi yake uko wapi, maana vijana wengi hutegemea raba iwafanyie kazi ambayo haiiwezi.

Kazi ya raba kiwanjani

Kazi ya kwanza ni kushika chini. Kiwanja cha kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ni kiwanja kidogo, kwa hiyo mchezaji hapati nafasi ya kukimbia moja kwa moja kama winga wa kandanda. Anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anageuka, anaruka. Ndiyo maana soli za raba nyingi za kikapu zina mistari ya zigizaga, kama mifupa ya samaki iliyolazwa pembeni. Mistari ile hushika sakafu ya mbao au saruji kila upande unakogeukia. Lakini wewe unachezea pwani, na pwani mchanga haukosekani. Mchanga mwembamba ukijaa kwenye ile mistari, au ukitanda juu ya saruji, raba ya bei mbaya itateleza sawasawa na ndala. Dawa yake ni fagio. Fagieni kiwanja kabla ya mchezo, na kila mapumziko futa soli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kuna wanaodhani kwamba soli ikishika zaidi ndiyo bora zaidi. Siyo kila mara. Soli ikigoma kabisa kuachia chini wakati mwili umeshageuka, mguu unabaki pale pale na goti ndilo linalopinda.

Kazi ya pili ni kupunguza kishindo. Unaporuka kuelekea goli lililo mita 3.05 juu, ukirudi chini miguu yako hupokea uzito ambao ni mara kadhaa ya uzito wako wa kawaida. Sehemu laini iliyo kati ya mguu na soli ya chini hupokea sehemu ya kishindo hicho. Hata hivyo ulaini una gharama yake. Soli ikiwa nene na laini kama godoro, mguu unakaa juu juu, unayumba, na hauhisi vizuri ardhi iko wapi.

Kazi ya tatu ni kuushikilia mguu usicheze ndani ya kiatu. Hapa kisigino cha raba ndicho muhimu: kiwe kigumu, na kamba zifungwe hadi juu. Raba ya ndugu yako iliyokuzidi saizi mbili haiwezi kukushikilia, hata ukijaza soksi tatu.

Je, shingo ndefu inazuia kuteguka?

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Ukiitazama ile shingo inayofunika kifundo cha mguu, yaani enka kama wachezaji wanavyosema, unaona kabisa kwamba mguu hauwezi kupinda. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1993. Waliwagawa wanafunzi 622 wa chuo katika makundi matatu: raba za shingo fupi, raba za shingo ndefu, na raba za shingo ndefu zenye vifuko vya hewa. Msimu ulipokwisha, walioteguka walikuwa 15 tu, na haikuonekana tofauti ya kweli kati ya makundi hayo.

Utafiti mwingine ulifanyika Australia, ukachapishwa mwaka 2001. Watafiti walihesabu mara 10,393 za mchezaji kuingia kiwanjani. Karibu nusu ya walioumia kifundo waliumia wakati wa kutua. Waliovaa raba zenye vifuko vya hewa kisiginoni waliumia zaidi ya mara nne kuliko wengine. Huo ni utafiti mmoja, siutumii kukuambia uzitupe raba zako. Lakini kuna jambo jingine walilolikuta ambalo ningependa ulikariri: mchezaji aliyewahi kuteguka kifundo alikuwa katika hatari karibu mara tano ya yule ambaye hajawahi. Na zaidi ya nusu ya walioumia hawakwenda kwa mtaalamu yeyote wa afya.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani atateguka kesho, usitazame raba yake. Muulize kama aliteguka mwaka jana, na alipona vipi.

Sababu ni hii. Upande wa nje wa kifundo kuna kano, nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mguu ukipinda kwa ndani, kano hizo huvutika na nyingine huchanika. Ndani ya kano kuna pia mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo: mguu umelala, mguu umesimama, mguu unaanza kupinda. Kano ikichanika, habari hizo huchelewa. Misuli ya pembeni mwa mguu, ambayo ingevuta haraka na kuunyoosha mguu, inapata taarifa wakati umeshaanguka. Maumivu yanaweza kwisha baada ya wiki moja, uvimbe ukashuka, ukajiona mzima kumbe mlinzi wa ndani bado amelala.

Nami niliwahi kufanya kosa hilo nilipokuwa chuoni. Nilirudi kiwanjani siku ya sita, kifundo kimefungwa kitambaa, naruka kwa furaha. Dakika chache tu, nikateguka palepale. Mara ya pili niliuguza miezi miwili.

Raba ya mitumba na hewa ya pwani

Sisemi raba haina maana. Raba mbovu inaweza kukuumiza. Hata wakubwa yanawakuta: Februari 2019 huko Marekani, kijana Zion Williamson wa Chuo Kikuu cha Duke alipasukiwa na kiatu cha Nike kabla dakika ya kwanza ya mchezo haijaisha, mguu ukachomoka, akaumia goti. Na hicho hakikuwa cha mitumba.

Kwetu pwani kuna adui mwingine. Baadhi ya raba zina soli ya kati iliyotengenezwa kwa poliyurethani. Kitu hiki huliwa na unyevu wa hewa pole pole, na joto huharakisha. Raba inaweza kukaa miaka ndani ya boksi bila kuvaliwa, ukaiona mpya kabisa, kumbe ndani imeshakuwa kama mkate mkavu. Ukiruka nayo mara ya kwanza, soli inamung'unyika au inabaki chini yenyewe. Aina nyingine ya soli, ile nyepesi kama sponji, haimung'unyiki hivyo, ila hulala ikabaki bapa.

Basi ukiwa mbele ya muuza mitumba, acha kwanza kusoma jina lililoandikwa pembeni. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikitoa unga, ikiwa na nyufa ndogo ndogo au ikinata, iache. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi imeachia. Kunja raba, inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia, siyo katikati kama kitabu. Minya kisigino kwa nyuma. Kikilala kama karatasi hakitakushikilia. Kisha ziweke zote mbili mezani, uzitazame kwa nyuma. Kama moja imelalia upande, mwenye nayo wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na wewe utaurithi. Hakikisha pia ni pea kweli, maana kwenye mitumba ya kushoto inaweza kuwa saizi moja na ya kulia saizi nyingine. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa mizunguko ya siku, ukiwa na soksi utakazochezea. Mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya unene wa kidole gumba.

Ukikosa ya aina hiyo, raba ya turubai nzima iliyokubana vizuri ni bora kuliko raba ya jina kubwa iliyooza. Wachezaji wa NBA walichezea raba za turubai za Converse mpaka miaka ya 1970, na walikuwa wakiruka.

Nisiwasahau dada zangu wa netiboli. Pete yenu nayo iko mita 3.05 juu, na sheria hairuhusu aliyedaka mpira kuendelea kukimbia nao. Anatua na kusimama papo hapo, na kifundo na goti ndivyo vinavyolipa. Kucheza peku kwenye mchanga safi hakuna ubaya. Kwenye saruji, au mahali penye miba, misumari na vipande vya matumbawe, vaa chochote chenye soli. Ukichomwa, safisha kidonda kwa maji mengi na sabuni, uende zahanati uulizie chanjo ya pepopunda.

Ukiteguka

Toka nje ya kiwanja. Usijaribu "kuuzoesha". Weka barafu, kwa wauza samaki huenda ukaipata. Ifunge kwenye kanga au taulo, usiigandishe juu ya ngozi, iache dakika 15 hadi 20, rudia baada ya saa mbili au tatu siku hiyo ya kwanza. Hakuna barafu? Maji ya baridi ya mtungini yatasaidia kidogo. Funga bandeji ya kuvutika, isikaze hadi vidole vife ganzi. Lala mguu ukiwa juu ya mto.

Sasa nazungumza na wazazi na mabibi pia. Siku mbili tatu za mwanzo msikande kwa maji ya moto, na msimpeleke kwa mchuaji akauvuta na kuukandamiza. Najua mnafanya kwa mapenzi. Lakini joto na kuchua huongeza damu na uvimbe mahali palipochanika, na kama mfupa umevunjika, kuvuta kunaweza kuusogeza.

Utajuaje kama umevunjika? Madaktari wa Canada walitoa kipimo rahisi mwaka 1992, na bado kinatumika duniani. Jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza ile mifupa miwili inayotokeza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, kama sentimita 6 kwenda juu. Bonyeza pia ukingo wa nje wa wayo, katikati kati ya kisigino na kidole kidogo, na upande wa ndani wa wayo, mbele kidogo ya kifundo. Ukishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma ukibonyezwa, unahitaji eksirei: anza zahanati, waombe wakuandikie kwenda Hospitali ya Sokoine, Lindi. Mguu ukiwa umepinda, vidole vikiwa vya baridi au havina hisia, usisubiri kesho.

Kurudi kiwanjani

Maumivu yakianza kupungua, anza kuusogeza mguu. Andika alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kukanyaga bila kuuma, simama kwa mguu mmoja, ule ulioumia, sekunde 30. Rahisi? Fumba macho. Ukiweza, nenda ufukweni Mchinga maji yakitoka, usimame hivyohivyo juu ya mchanga laini huku mwenzako akikurushia mpira. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 kwa wanafunzi 765 wa sekondari, wanaocheza kandanda na kikapu, ulionyesha kwamba mazoezi ya aina hii ya kutafuta mizani hupunguza kuteguka. Yafanye hata kama hujawahi kuumia. Hayana gharama.

Wapo wanaovaa vishikizo vya kifundo, vya kitambaa kigumu chenye kamba, ndani ya raba. Hivyo vina ushahidi mzuri: mwaka 2011, kati ya wachezaji 1,460 wa kikapu wa sekondari huko Wisconsin, waliovivaa waliumia kifundo kwa asilimia 68 pungufu. Ukivipata, vaa. Shule ikinunua pea chache, ziwe kwanza kwa wale waliowahi kuteguka.

Kabla hujamwambia mwalimu wa michezo kuwa umepona, jipime mwenyewe. Ruka kwa mguu ulioumia mara kumi mfululizo. Kimbia ukichora namba nane kwenye mchanga, kushoto na kulia. Kimbia kwa kasi, simama ghafla, geuka. Halafu ruka kama unagombea mpira na utue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Ukisita hata mara moja, au ukiona unauegemea ule mguu mzima, rudi kwenye mizani siku tatu nne, ujaribu tena.