Tembe ya Kwihara na Nyumba za Ghorofa

Huko Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ipo nyumba ya udongo alimokaa David Livingstone mwaka 1872, akingojea wapagazi. Nyumba hiyo, iliyojengwa upya kwa umbo lake la kale, sasa ni makumbusho. Wengi huizuru kwa ajili ya historia; makala haya yanaitazama kwa jicho la sayansi ya ujenzi.

Nyumba ya namna hii huitwa tembe. Katika karne ya 19, Waarabu na Waswahili waliofuata njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji walijenga tembe kubwa Tabora. Utajiri wao ulitokana na pembe za ndovu na watumwa, jambo lisilofaa kusahauliwa. Hata hivyo, maarifa yaliyomo katika kuta hizo ni ya mafundi, nasi tunayo haki ya kuyarithi.

Ukuta na joto

Joto la jua hupenya ukuta mnene wa udongo polepole. Ukuta wenye unene wa sentimeta 30 hulichelewesha kwa saa 8 hadi 10 hivi. Basi joto la adhuhuri hufika chumbani usiku, wakati ambapo hewa ya Tabora, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, imekwisha poa. Ukuta mwembamba wa saruji hulipitisha mapema zaidi, nacho chumba huwa tanuri ifikapo jioni.

Baraza na ua

Mbele ya tembe kuna baraza, anapopokewa mgeni pasipo kuona mambo ya ndani. Ndani kuna ua, mahali pa jamaa kupikia na kupumzikia. Mpango huu una ndugu zake mbali: Waajemi wa miji ya joto kama Yazd na Kashan waliigawa nyumba katika biruni, upande wa wageni, na andaruni, upande wa jamaa.

Je, ghorofani?

Huko Michenzani, Unguja, majengo marefu ya ghorofa yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu waliozoea baraza na ua walipewa maji, umeme na vyumba imara, lakini mlango wa fleti hufunguka moja kwa moja kwenye maisha ya ndani. Tena, jiko la mkaa lililokuwa uani likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu iwezayo kuua.

Msanifu wa majengo anaweza kuyarekebisha haya. Kwanza, jengo lielekeze pande zake ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisizipige. Pili, kwa kuwa kuta nene ni mzigo mzito ghorofani, kivuli cha roshani pana kifanye kazi ya unene. Tatu, pawe na ukumbi mdogo kabla ya sebule, na jiko lipakane na roshani iliyo wazi. Nne, kila ghorofa iwe na baraza la pamoja, litoshalo watu wa msiba au wa harusi.

Mlango wa nakshi waweza kupachikwa popote baada ya jengo kumalizika. Lakini nafasi ya mgeni, ya jamaa na ya moshi haina budi kuwekwa katika ramani kabla ya msingi kuchimbwa.