DUME KUBWA AU DUME LENYE FAIDA? Hesabu kilo, usihesabu kwa macho

Somo la leo ni letu sisi tunaonunua ng'ombe mnadani, tunanenepesha miezi mitatu, halafu tunaweka status ya WhatsApp Iddi ya kuchinja ikikaribia.

Huku Kilwa na Lindi zamani ng'ombe walikuwa wa kuhesabu. Wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wengi walikuja kusini na mifugo yao. Sasa tunachagua, na macho yanakimbilia dume kubwa kwa sababu linapendeza kwenye picha.

Mimi nauliza swali moja: kilo ngapi za chakula zinatoa kilo moja ya uzito? Ng'ombe anakula chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Kwanza mwili unachukua cha kujiendesha, kinachobaki ndio kinaongeza uzito. Mwili mkubwa unachukua zaidi.

Tupige mfano. Siku 90, chakula sh 400 kwa kilo, ng'ombe hai sh 5,000 kwa kilo.

👉 Dume la kilo 300, limekomaa: linakula kilo 9 kwa siku, linaongeza gramu 700. Chakula sh 324,000. Limeongeza kilo 63, sawa na sh 315,000. Hasara sh 9,000.

👉 Dume la kilo 200, bado linakua: linakula kilo 6, linaongeza gramu 600. Chakula sh 216,000. Limeongeza kilo 54, sawa na sh 270,000. Faida sh 54,000.

Hapo dawa na usafiri bado. Kubwa limeongeza kilo nyingi, ila kila kilo imekula karibu kilo 13 za chakula. Dogo, kilo 10.

Lakini sio kila dogo linalipa. Zebu mzee mwenye umbo dogo ameshamaliza kukua, na chotara wa Boran kijana anaweza kumshinda. Kwa hiyo:

1. Angalia meno. Mawili ya kudumu ni kama miaka miwili, bado anakua. Na mteja wa udhhiya anataka ng'ombe aliyetimiza miaka miwili. Manane, amekomaa.

2. Chukua aliyekonda kwa njaa, sio kwa ugonjwa. Wa njaa akishiba anarudisha mwili haraka. Kwetu kuna mbung'o, na mwenye nagana anakula bila kunenepa. Mwite afisa mifugo kabla hujalipa.

3. Pima kifua kwa utepe wa uzito kila wiki mbili, asubuhi kabla hajala, uandike. Akiacha kuongeza, uza. Kila siku ya kusubiri inakula faida yako.

Kwenye tangazo weka picha, uzito na umri. Mteja akijua kilo, mnaongea bei kwa hesabu.

Sasa chukua daftari, weka bei za sokoni kwako kwenye mfano huo. Ng'ombe wako yuko upande gani?